Baridi ya Rungwe na mafua ya darasani

Kwetu Rungwe ukisema vidole vinauma, hakuna anayekuuliza swali la pili. Ni baridi hiyo. Vaa soksi, kaa karibu na jiko, jichue na mafuta ya moto, acha kuosha vyombo kwa maji ya alfajiri. Mama mkwe wangu, ambaye maneno yake siyapuuzi, ndiye aliyeninunulia glavu za sufu kwenye mitumba ya Mwanjelwa mwaka ule nilipoanza kushindwa kufunga vifungo vya blauzi. Glavu zilinisaidia na mpaka leo nazivaa. Lakini miaka ilipita kabla sijatambua kwamba kinachoniangusha kila kipupwe ni mafua yanayofuatana na baridi, kuliko baridi yenyewe. Tofauti hiyo inaonekana ndogo. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa viungo kama wangu inabadilisha dawa unazomeza, siku unayopanda gari kwenda hospitali, hata mahali unapolala msibani.

Nafundisha madarasa ya chini katika shule ya msingi nje kidogo ya Tukuyu. Ugonjwa wangu hospitali wanauandika athiraitisi ya rumatoidi. Mtaani ni baridi yabisi, jina linalobeba maradhi mengi ya viungo kwa pamoja. Huu wangu hupenda viungo vidogo, vifundo vya vidole na viganja, na hushika pande zote mbili. Asubuhi mikono inakakamaa, na ukakamavu wenyewe si wa dakika kumi, unaweza kupita saa nzima kabla hujaweza kushika kijiko vizuri. Wanawake tunaupata mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume.

Nilipofika hospitali ya rufaa Mbeya walinitoa damu nyingi. Walipima kama kuna uvimbe unaoendelea mwilini, wakapima zile alama za damu zinazoonyesha ugonjwa huu, na pia wakapima homa ya ini B, homa ya ini C na VVU. Nikauliza vidole vyangu vinahusianaje na ini. Daktari akanieleza kwamba methotreksati, dawa aliyotaka kunianzishia, inaweza kuumiza ini, kwa hiyo lazima ajue lina hali gani. Isitoshe, dawa zinazotuliza kinga zinaweza kuamsha kirusi cha homa ya ini B kilichokuwa kimelala. Na kuna virusi vinavyovimbisha viungo vyenyewe bila rumatoidi kuwapo. Alinitajia chikungunya, ambayo ilitambuliwa kwa mara ya kwanza huku huku kusini mwa Tanzania, kwenye uwanda wa Wamakonde, mwaka 1952 hadi 1953, na ambayo huweza kumwachia mtu maumivu ya viungo kwa miezi mingi. Alitaka kuhakikisha hachanganyi mambo. Nilimheshimu kwa hilo, maana kabla yake nilishapewa sindano za kutuliza maumivu tu na kuambiwa niombe Mungu baridi ipite.

Dawa zilinishika. Baada ya miezi kadhaa niliweza tena kukata mboga na kuandika ubaoni. Kisha kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, mambo yakawa yanaharibika kwa namna moja. Darasa linaanza kukohoa. Wiki ile ile nami napata mafua, koo linawasha, mwili unauma, nanywa chai ya tangawizi, nalala mapema. Mafua yanaisha. Nawaambia wenzangu nimepona. Halafu, nikiwa nimeshasahau, siku kadhaa baadaye au hata wiki ya pili, naamka mikono ikiwa imevimba, viganja vina joto, pete haitoki, magoti hayakunji. Huo ndio ugonjwa ulioamka. Kwa kuwa mafua yalikuwa yameshapita, sikuwa na sababu ya kuyahusisha. Na kwa kuwa nje kulikuwa na ukungu na manyunyu, kila mtu alikuwa na jibu tayari.

Daktari ndiye aliyeniuliza, akiwa anabonyeza kifundo kimoja kimoja cha mikono yangu: "Mwalimu, kabla ya haya uliugua nini?" Nikamwambia mafua tu. Akasema, "Hayo tu ndiyo ninayoyatafuta."

Alinieleza hivi. Mwili ukikutana na kirusi, kinga hutoa kemikali za kupeana taarifa, nyingine zina majina kama TNF na interleukini 6. Hizo ndizo zinazoleta homa, uchovu na maumivu ya mwili wakati wa mafua. Na hizo hizo ndizo zinazochochea uvimbe kwenye utando laini wa ndani ya viungo kwa mgonjwa wa rumatoidi. Kwa mtu asiye na ugonjwa huu, kirusi kikishindwa kemikali zinapungua na habari inaishia hapo. Kwetu sisi ni kama sungusungu walioitwa usiku kumfukuza mwizi: mwizi keshakimbia, wao bado wana marungu mkononi, wanaanza kumpiga mwenye nyumba. Mfano huo niliuelewa kuliko maelezo yote niliyokuwa nimesoma. Ulinieleza kwa nini maumivu yanakuja mafua yakiwa yameisha.

Lakini kilichonishawishi kabisa ni mwaka 2020. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa ajili ya korona, na za msingi zilifunguliwa tarehe 29 Juni. Juni ya mwaka ule ilikuwa baridi kama Juni zote za Rungwe. Maji ya bomba yalikuwa yale yale ya kuuma meno, ukungu ulikaa mpaka saa nne asubuhi, nguo hazikukauka. Nilikuwa nyumbani na wanangu, hatuendi kwenye mikusanyiko, tunanawa mikono mlangoni. Sikupata mafua. Na viungo vyangu vilikaa kimya, ukiacha ule ukakamavu wa asubuhi ambao baridi huuongeza na ambao glavu na maji ya uvuguvugu huupunguza. Shule zilipofunguliwa, watoto walirudi na makamasi yao, mafua yakanipata ndani ya Julai, na Agosti nilikuwa nashika chaki kwa ngumi.

Najua mtu mmoja si utafiti. Miezi ile nilikuwa pia napumzika, sikuandika ubaoni, sikusimama kutwa. Hata hivyo baridi ilikuwapo na uvimbe haukuwapo, na jambo hilo sikuweza kulipuuza. Nilipomwambia daktari, alitabasamu, akanieleza pia kwamba utafiti mmoja mkubwa wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta wagonjwa wapya wa rumatoidi wanaongezeka wiki 6 hadi 7 baada ya virusi fulani vya njia ya hewa kuenea kwa watu, vikiwamo virusi vya korona vya mafua ya kawaida, vile vilivyokuwapo kabla ya UVIKO-19. Haina maana kwamba kila mafua yanaleta ugonjwa huu. Wanafunzi wangu wanapata mafua mara kwa mara na viungo vyao ni vizima. Kuna kurithi, kuna sigara, kuna mambo mengine yanayojumlishwa. Ila kirusi kina sehemu yake.

Baada ya hapo nilianza kuandika kwenye daftari, upande mmoja mafua au homa, upande wa pili viungo. Hicho kidaftari ndicho ninachokwenda nacho kliniki. Kimenifundisha kutofautisha maumivu, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu nimekutana na wengi wanaochanganya.

Maumivu ya mafua yenyewe yanatambaa mwili mzima: misuli, mgongo, mapaja, kichwa. Ukibonyeza kifundo cha kidole hakijavimba. Yanakuja na homa na yanaondoka nayo. Ugonjwa unapoamka, mambo yanakuwa mahali maalumu. Kifundo kinavimba, unakiona kwa macho, kina joto, kinauma ukikigusa, na cha upande wa pili mara nyingi kinafuata. Ukakamavu wa asubuhi unarefuka siku hadi siku. Uchovu wake ni mzito kuliko uchovu wa kazi, unakaa tu kitandani umechoka hata kabla ya kuamka. Hali ya tatu ndiyo ya kuogopa kuliko zote: kiungo kimoja tu, tuseme goti, kimevimba sana, chekundu, cha moto, na una homa na kutetemeka. Huo unaweza kuwa usaha wa bakteria ndani ya kiungo, na sisi wenye rumatoidi tuko kwenye hatari zaidi ya kuupata. Hapo hakuna kusubiri kesho wala kujichua. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Na anayemeza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ajue kwamba dawa hiyo inaweza kuficha homa, hivyo asijipe moyo kwa sababu kipimajoto kimesoma kawaida.

Jambo lingine la huku kwetu: nikishuka Kyela kwa shughuli yoyote na kurudi na homa, cha kwanza ni kipimo cha malaria. Mbu wa ziwani hawajali kwamba una rumatoidi.

Mpango wa dawa niliuomba mwenyewe, na nadhani kila mgonjwa auombe akiwa mzima, kabla kipupwe hakijaingia. Ukiwa umelala na homa saa tano usiku, huwezi kuanza kufikiri dawa ipi uache na ipi uendelee nayo. Daktari aliniandikia kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Huu ni wangu, wa mwingine unaweza kuwa tofauti kwa sababu dawa na miili yetu haifanani. Mafua mepesi yasiyo na homa, naendelea na kila kitu. Nikipata homa kali, kifua kizito, au nikiandikiwa antibiotiki, methotreksati ya wiki hiyo naisimamisha na kupiga simu kliniki, kisha narudia nikishapona na dawa za maambukizi zimeisha. Kukosa dozi moja au mbili hakuharibu kazi yote, kwa sababu dawa hiyo hujengeka polepole. Haidroksiklorokwini, dawa yangu nyingine ya rumatoidi, naendelea nayo. Prednisoloni siiachi ghafla hata siku moja, kwa kuwa mwili uliozoea kuipata husahau kutengeneza homoni ya namna hiyo, na ukiikata ghafla katikati ya ugonjwa unaweza kuzimia au kupata hatari kubwa zaidi. Na nikibanwa na pumzi, au kikohozi kikavu kikikaza, hiyo si ya kusubiri kliniki, kwa sababu nimonia inaweza kuwa ya kirusi, ya bakteria, na mara chache hata methotreksati yenyewe huwasha mapafu.

Methotreksati yangu ni ya Ijumaa jioni, mara moja kwa wiki, na vitamini ya foliki asidi siku nyingine. Nasema hili kwa herufi kubwa kwa kila anayeanza: MARA MOJA KWA WIKI. Ikimezwa kila siku inaweza kuua, hupunguza damu na kuleta vidonda mdomoni mpaka tumboni. Chagua siku, iandike kwenye boksi, mwambie na mtu wa nyumbani.

Hapa ndipo maduka ya dawa yanapoingia. Mwaka mmoja nilikwenda duka moja nikiwa na kikohozi, kijana akanifungia Septrin, aina ya antibiotiki, bila kuniuliza ninatumia nini. Ni dawa nzuri, imeokoa wengi, lakini ikikutana na methotreksati inaweza kuangusha uboho usitengeneze damu. Nilikuwa nimeshaonywa, nikamwambia, "Mdogo wangu, hii siwezi, natumia methotreksati." Hakuwahi kusikia jina hilo. Sikumlaumu sana, wagonjwa wa aina yetu si wengi dukani kwake. Ila tangu siku hiyo natembea na kadi ndogo pochini yenye majina ya dawa zangu na neno moja chini yake kuhusu Septrin, na ndugu zangu wanajua ilipo, maana inaweza kutokea siku ambayo siwezi kujieleza.

Watu wanaonipenda huniambia niongeze kinga. Asali, vitunguu saumu, majani, unga wa kijani kutoka kwa mtu anayepita na begi. Tangawizi na limao nanywa, koo linapata nafuu. Kujifukiza pia najua watu wengi walikukimbilia mwaka 2020, na sikatai kwamba pua inafunguka. Nawaomba tu wenye mikono kama yangu wasinyanyue sufuria ya maji yanayochemka peke yao, kwa sababu kiganja kilichovimba hakina nguvu, na kuungua ni jambo la sekunde. Lakini ile kauli ya kuongeza kinga huwa naikataa waziwazi. Kinga yangu haina upungufu wa juhudi. Inampiga asiyestahili, na dawa zangu zipo kwa ajili ya kuituliza. Anayenipa unga asiojua umetengenezwa na nini, akasema unaamsha kinga, ananirudisha nilikotoka.

Mwaka ule wa korona dunia nzima ilianza kuigombania haidroksiklorokwini. Majaribio makubwa baadaye yalionyesha kwamba haikuwasaidia waliolazwa kwa UVIKO-19. Lakini kabla hayajatoka, sisi tunaoihitaji kila siku tulihangaika. Niliizungukia Mbeya mjini nikaambiwa imeisha. Nilipunguziwa wasiwasi na daktari aliyesema dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo siku chache bila vidonge hazitaniangusha mara moja. Ndivyo ilivyokuwa. Bado nina uchungu na kipindi kile.

Chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa nchini Julai 2021, nilikwenda kuchanjwa baada ya kuongea na daktari wangu. Mkono uliuma na vidole vikakakamaa siku chache, kisha vikatulia. Ukilinganisha na kinachonipata baada ya ugonjwa wenyewe, ilikuwa kidogo sana. Chanjo yenye kirusi hai, kama ya homa ya manjano, ni habari nyingine, hiyo mtu anayetumia dawa za kushusha kinga asichome bila daktari wake kujua. Na nikiona vipele vya maji vilivyojipanga upande mmoja wa mwili, vinaungua, najua ni mkanda wa jeshi, ambao nao ni kirusi, na sisi tunaupata zaidi ya wengine. Dawa yake hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 72. Mwalimu mwenzangu mwenye tatizo kama langu alikaa nao akipakwa majivu, na maumivu yake yalibaki ubavuni muda mrefu baada ya vipele kukauka.

Sasa misiba. Wanyakyusa hatuendi msibani nusu saa. Tunakwenda, tunakaa, tunalala, tunapika, tunashikana mikono na kila anayeingia. Kukosa msiba ni jambo zito, na sikutaka ugonjwa unitenge na watu. Nilizungumza kwanza na mama mkwe, kwa sababu yeye akishasema, ukoo unasikia. Nilimwambia kwamba mafua ya mtu mwingine kwangu ni wiki kadhaa za mikono kuvimba. Alikaa kimya, halafu akasema, "Basi mwanangu utakuwa unakuja mchana, unakaa nje na wapika chai, usiku unarudi kwako." Sasa hivyo ndivyo ninavyofanya. Salamu natoa kwa kuinama na mkono kifuani, na anayeniletea mkono nampa ngumi iliyokunjwa ili asinibane vidole. Mwanzoni walinishangaa. Siku hizi baadhi ya mama wazee wenye viungo vinavyouma nao wanasalimu hivyo.

Shuleni nimebadilisha machache. Madirisha ya darasa yanafunguliwa hata kukiwa na baridi, watoto wanavaa masweta. Kuna ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Mtoto mwenye kikohozi kikali anakaa karibu na dirisha na simwinamii daftarini, analeta mezani nasahihisha. Mwenzangu wa darasa la pili tumekubaliana: wiki niliyoamka na uvimbe yeye ananiandikia ubaoni, mimi namsahihishia hesabu zake kwa kalamu nene niliyoizungushia kitambaa. Mwalimu mkuu anajua na ameridhia. Barakoa navaa Juni mpaka Agosti kwenye Coaster ya kwenda Mbeya, kwa sababu abiria wakipanda mlima kuelekea Isongole wanafunga vioo vyote na kila mtu anapumua pumzi ya mwenzake mpaka Uyole.

Bado naumwa. Kipupwe kilichopita mafua yalinipata licha ya yote hayo, na viganja vilivimba. Lakini nilikuwa naisubiri hali hiyo, nilipiga simu kliniki vifundo vilipoanza kupata joto, nikaelekezwa mapema, na sikufika kwenye kushika chaki kwa ngumi.

Kliniki ijayo nina suala moja la kuzungumza na daktari. Anataka tuanze kupunguza prednisoloni, jambo ninalolitaka sana kwa ajili ya mifupa yangu. Alipendekeza tuanze Mei. Nimeshafungua daftari na kumwekea alama za kila Juni, nimwombe tusogeze mpaka Septemba, watoto wakishaacha kukohoa.